Sura ya Sita: Nani Anazisoma Namba za Dongobesh?

Dongobesh iko njiani kati ya mji wa Mbulu na Haydom, kwenye nyanda za juu za mkoa wa Manyara ambako Wairaqw wamelima na kufuga kwa vizazi vingi. Anayepita na basi huona mashamba ya mahindi na vitunguu, makundi ya ng'ombe, na maduka yaliyopangana kando ya barabara. Haoni jinsi watu wa hapa wanavyoandika. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anapima uzito, anaweka nukta kwenye kadi ya mtoto, kisha anajaza mstari katika kitabu cha MTUHA namba 7. Mjamzito ameandikwa katika kitabu namba 6, aliyejifungua katika namba 12, na mgonjwa wa nje katika namba 5. Mwalimu mkuu ana rejista ya mahudhurio. Afisa ugani ana ekari zilizolimwa na magunia yaliyovunwa. Mtendaji wa kijiji ana daftari la wakazi. Mwisho wa mwezi au wa msimu, kila mmoja hujumlisha na kupeleka jumla yake ngazi ya juu.

Namba zikishaondoka, huwa nadra kurudi. Zikirudi, huja zikiwa zimepikwa tayari: asilimia moja kwenye hotuba, mchoro wa rangi kwenye taarifa ya mkoa, au lawama kwamba kata fulani iko nyuma. Aliyeandika mstari wa kwanza haoni njia iliyoipeleka nukta yake hadi ikawa asilimia hiyo.

Sura hii inahusu zana zinazoweza kumwonyesha njia hiyo: programu huria za takwimu na grafu, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzipakua, kuzitumia, kufungua ndani na kuona zinavyokokotoa, kuzirekebisha na kumgawia mwenzake. Watu wengi huzisifu kwa kuwa ni za bure. Ni kweli, na kwa halmashauri yenye bajeti finyu hilo si jambo dogo. Lakini mimi naona faida kubwa zaidi ni kwamba hesabu yake inaonekana. Mtu akikuambia kata yako ina udumavu wa kiasi fulani, unaweza kumwomba faili na msimbo, ukaurudia ukokotozi huo mwenyewe mstari kwa mstari.

Tuanze na afya, maana huko programu huria ilishafika muda mrefu. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulisambazwa nchini miaka ya 1990 kwa vitabu na fomu za karatasi. Karatasi zilitoka zahanati zikaenda wilayani, wilayani zikaenda mkoani, mkoani zikaenda wizarani, na katika kila kituo mtu alijumlisha upya kwa mkono. Kilichobadilisha mambo ni programu iitwayo DHIS2. Chimbuko lake ni Afrika Kusini ya mwaka 1994. Nchi ilikuwa imetoka tu kwenye ubaguzi wa rangi, na huduma za afya zilikuwa vipande vipande vilivyogawanywa kwa rangi za watu na kwa maeneo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzao wa Cape Town walitaka wilaya iweze kuzitumia takwimu zake papo hapo, badala ya kuzikusanya kwa ajili ya wakubwa peke yao. Toleo la kwanza liliegemea programu ya kulipia ya Microsoft. La pili liliandikwa upya katika miaka ya 2000, likatolewa huria kabisa.

Kenya iliifungua DHIS2 kwa nchi nzima mwaka 2011 kupitia intaneti. Tanzania, kazi hiyo ikiwa mikononi mwa Wizara ya Afya na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa imeufikisha mfumo huo mikoa yote kufikia 2013. Kwa kuwa msimbo uko wazi, wataalamu hao hawakuishia kuwa watumiaji. Wameandika vifaa vyao vya kuongezea, kikiwamo cha kadi ya alama inayopaka viashiria rangi ili kiongozi wa wilaya aone kwa haraka wapi pamelala. Nalitaja hili kwa fahari. Programu ya kulipia ingetuacha tukimwandikia barua mwenye kampuni na kusubiri toleo lijalo.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya mfumo huo, kwenye kiashiria ambacho kila diwani anakijua: kiwango cha chanjo. Juu ya sehemu huwekwa idadi ya watoto waliopata dozi ya tatu ya chanjo ya Penta. Chini, kwenye asili, huwekwa idadi ya watoto wa umri huo wanaotarajiwa kuwapo katika eneo. Namba ya juu inatoka kwenye kitabu cha kliniki, imeandikwa na mtu aliyemwona mtoto. Namba ya chini inatoka kwenye makadirio ya sensa, na hakuna aliyehesabu watoto hao kwa mwaka husika. Sensa ya 2012 ilipokwisha, idadi ya kila eneo ilikuzwa mwaka hadi mwaka kwa makadirio mpaka sensa ya Agosti 2022 ilipokuja kuhesabu upya Watanzania 61,741,120, wakiwamo 1,892,502 wa Manyara.

Makadirio hayo hayajui kwamba watu wamehamia karibu na skimu ya umwagiliaji, au kwamba wafugaji wamesogea bondeni kufuata malisho. Hayajui pia kwamba mama wa kata jirani anapenda kuja kliniki ya Dongobesh kwa sababu anakuja mnadani siku hiyo. Ndiyo maana katika wilaya nyingi za Tanzania hutokea kiwango cha chanjo kuvuka asilimia 100. Watu hucheka wakiona namba hiyo, halafu wanaendelea na kikao. Mimi naona inastahili kusimamisha kikao. Ikiwa asili imekosewa kiasi cha kuleta asilimia 115, basi kata nyingine inayoonyesha asilimia 82 inaweza kuwa imewachanja watoto wake wote, na ile yenye asilimia 99 inaweza kuwa imewaacha wengi.

Mratibu wa MTUHA anayejua kufungua kiashiria na kuona kilivyoundwa ana njia ya kukwepa mtego huu. Achukue watoto waliopata dozi ya kwanza ya Penta, atoe waliopata dozi ya tatu, agawanye kwa waliopata ya kwanza. Anapata kiwango cha walioacha njiani. Namba zote mbili zimetoka kwenye vitabu vya kliniki hiyohiyo, na makadirio ya sensa hayajaingia popote. Akichora grafu ya kiwango hicho kwa miezi 36, kituo kwa kituo, ataona mambo ambayo kadi ya rangi haiwezi kumwonyesha: mwezi ambao chanjo ziliisha stoo, msimu wa kilimo ambapo kina mama hawarudi, au zahanati moja ambayo mistari yake inafanana mno mwezi hadi mwezi kiasi cha kutia shaka.

DHIS2 yenyewe inachora grafu za msingi. Kazi ya kina zaidi hufanywa nje yake, na hapo ndipo inapoingia programu iliyobadilisha sayansi ya takwimu duniani kote, yenye jina la herufi moja: R.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wahadhiri wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, walihitaji programu ya kufundishia wanafunzi wao. Walifuata mfano wa lugha iitwayo S, iliyotungwa na John Chambers na wenzake katika maabara za Bell nchini Marekani kuanzia 1976, wakaandika yao upya. Mwaka 1995 walifanya uamuzi ambao matunda yake tunayala mpaka leo: waliitoa R kwa leseni huria ya GNU. Mwaka 1997 likaundwa ghala la pamoja la vifurushi, CRAN, na tarehe 29 Februari 2000 likatoka toleo lililohesabiwa kuwa limekomaa. Leo ghala hilo lina vifurushi zaidi ya 20,000, kila kimoja kimeandikwa na mtu au kikundi kilichokuwa na shida fulani kikaona si vema suluhisho libaki nyumbani. Lugha ya Python ina historia inayofanana na hiyo, na vifurushi vyake vya pandas na matplotlib ni zana imara. Lakini kwa mtu wa takwimu za afya au kilimo anayeanza, ningempa R.

Mfano ninaopenda kuutaja ni wa jirani zetu. Kenya ilifanya sensa mwaka 2019 na majedwali yakachapishwa katika vitabu vikubwa vya PDF. Mtu akitaka idadi ya watu wa kaunti yake alilazimika kuinakili kwa mkono. Mwaka 2020, mtaalamu wa takwimu Shelmith Kariuki aliyatoa majedwali hayo kwenye PDF, akayasafisha, akayaweka ndani ya kifurushi cha R alichokiita rKenyaCensus. Mwanafunzi wa Kisumu au Garissa sasa anaandika mstari mmoja na data ya sensa iko mbele yake, tayari kwa grafu. Kariuki hakungoja mradi. Alikuwa na ujuzi, programu ilikuwa wazi, na takwimu zilikuwa zimechapishwa, hata kama kwa umbo gumu.

Umuhimu wa kuona ukokotozi unadhihirika zaidi kwenye jambo linaloigusa Mbulu moja kwa moja, yaani urefu wa watoto. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, ilikuwa moja ya vituo 8 duniani vya utafiti wa MAL-ED, ulioanza kuandikisha watoto wachanga mwaka 2009 na kuwafuata kwa miaka yao ya mwanzo. Vituo vingine vilikuwa Bangladesh, Brazil, India, Nepal, Pakistan, Peru na Afrika Kusini. Watoto wa Haydom waliugua kuhara kwa nadra kuliko wa vituo vingine, lakini udumavu ulikuwa mkubwa. Vipimo vya choo vilionyesha kwamba mtoto anaweza kubeba vimelea kama Campylobacter bila kuhara, na katika vituo vyote kwa pamoja, watoto waliobeba vimelea vya aina hiyo kimyakimya walikua kwa shida zaidi.

Baadaye ukafuata utafiti wa ELICIT, hapohapo Haydom, uliowaandikisha watoto 1,188. Walipewa dawa za kuua vimelea na vitamini fulani, au vidonge visivyo na dawa, kwa kupangwa kwa bahati nasibu. Majibu yalitoka 2021: dawa hazikuwaongezea watoto urefu. Ni jibu linalosikitisha, na ni jibu la thamani, kwa sababu limeokoa fedha na dawa ambazo zingemwagwa kwingine kwa matumaini. Data za MAL-ED nazo ziliwekwa baadaye kwenye hifadhi ya ClinEpiDB, ambako mtafiti asiyewahi kufika Haydom anaweza kuzichambua.

Lakini udumavu hupimwaje? Tuchukue mvulana wa miezi 24 mwenye urefu wa sentimita 78 akiwa amesimama. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mvulana wa kati wa umri huo ana sentimita 87.1, na kipimo cha mtawanyiko ni kama sentimita 3.1. Toa 87.1 kwenye 78, unapata hasi 9.1. Gawanya kwa 3.1, unapata takriban hasi 2.9. Akiwa chini ya hasi 2 amedumaa. Chini ya hasi 3 amedumaa vibaya. Hiyo ndiyo hesabu yote. Shirika hilo limetoa kifurushi cha R kiitwacho anthro ambacho huifanya kwa watoto elfu kumi kwa sekunde chache, na msimbo wake ukiufungua utaikuta hesabu hii ndani.

Ukishaiona hivi, unajua pa kuuliza. Ikiwa mama hakumbuki tarehe ya kuzaliwa na aliyepima akaongeza miezi mitatu, mtoto huyo ataonekana amedumaa zaidi ya alivyo. Ikiwa ubao wa kupimia umeegemezwa vibaya, sentimita 2 zinatosha kumvusha mstari. Ukichora urefu wa watoto wote wa kituo na ukaona namba zimerundikana kwenye 75, 80 na 85, umegundua kwamba mpimaji alikuwa akikadiria. Wastani hauonyeshi hayo, ila mchoro mmoja wa nukta huyaonyesha. Kifurushi cha ggplot2, alichokianzisha Hadley Wickham akiwa mwanafunzi, huuchora kwa mistari miwili ya msimbo.

Kuna mipaka ambayo lazima ielezwe. Utafiti wa kitaifa wa Demografia, Afya na Viashiria vya Malaria wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16. Takwimu hizo zinasema jambo la kuaminika kuhusu taifa na kuhusu mkoa. Hazisemi lolote la kuaminika kuhusu Dongobesh, kwa sababu sampuli haikupangwa kuwakilisha wilaya, sembuse tarafa. Kifurushi cha survey, alichokiandika Thomas Lumley, huheshimu muundo huo wa sampuli, na akiwa mwaminifu, mtumiaji wake ataona jinsi wigo wa kutokuwa na uhakika unavyopanuka hadi makadirio kupoteza maana pale anapojaribu kushuka chini ya mkoa. Anayetaka kujua hali ya Dongobesh anarudi palepale kwenye vitabu vya MTUHA, pamoja na kasoro zake.

Na hata utafiti huo wa kitaifa hauna uhakika wa kesho. Mpango wa kimataifa uliokuwa ukisaidia tafiti za aina hii katika nchi nyingi ulisimamishwa Februari 2025, Marekani ilipokata misaada yake ya nje. R haikusimama siku hiyo. Nakala iliyo kwenye kompyuta ya halmashauri haihitaji ruhusa ya Washington wala malipo ya mwaka ili iendelee kufanya kazi. Kwa nchi zetu hii ni hoja nzito kuliko bei.

Niende sasa kwenye mvua, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mahali bora pa kuanzia kwa wilaya ya wakulima.

Katikati ya miaka ya 2010, wilaya ya Kiteto, mkoani Manyara kama Mbulu, ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa huduma za hali ya hewa uliotumia njia iitwayo PICSA, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Wazo lake linaeleweka kirahisi. Badala ya kumletea mkulima utabiri peke yake, afisa ugani anamletea historia ya mvua ya kituo cha karibu: grafu ambayo kila nukta ni mwaka mmoja, kwa miaka mingi. Mkulima anajifunza kuisoma, kisha anaamua mwenyewe. Mara nyingi watu hufika kwenye kikao wakiamini kwamba jumla ya mvua imepungua sana. Grafu huonyesha kwamba jumla haikushuka hivyo. Tofauti kati ya mwaka na mwaka ndiyo kubwa, na joto ndilo lililopanda. Mkulima anayeamini mvua imekwisha ataacha mahindi. Anayejua kwamba mvua haitabiriki atapanda mbegu za aina mbili.

Mkulima hana haja sana na jumla ya mwaka. Anataka kujua msimu unaanza lini na unadumu siku ngapi. Hapo inabidi kutoa fasili. Moja inayotumika sana ni hii: msimu umeanza siku ya kwanza, baada ya tarehe iliyochaguliwa, ambapo zimenyesha milimita 20 au zaidi ndani ya siku 3, na hakukufuata ukavu wa siku 10 mfululizo ndani ya siku 30 zinazofuata. Kwa miaka 30 ya vipimo vya kila siku, huo ni ukaguzi wa mistari karibu 11,000. Kwa mkono ni adhabu. Kwa kompyuta ni sekunde.

Namba 20, 3, 10 na 30 zimechaguliwa na binadamu. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, mkulima mzoefu atakuambia milimita 20 zinatosha. Kwenye mteremko wenye kichanga atataka 30. Programu iliyofungwa humpa tarehe na kunyamaza. Programu huria humruhusu kubadilisha 20 iwe 30 na kuona tarehe zote 30 zikisogea mbele ya macho yake. Nimeshawishika kwamba dakika hiyo ina elimu kuliko semina nzima. Kinachofuata ni hesabu ya kawaida: tuseme kati ya misimu 30, ni 12 tu iliyodumu siku 110 au zaidi. Mbegu ya mahindi inayohitaji siku 110 ingekomaa miaka 12 kati ya 30. Ya siku 90 je? Anahesabu tena.

Kwa kazi hii kuna programu iliyoanzia ukanda wetu. Mwaka 2015, wanahisabati na wanatakwimu waliokuwa wakifundisha na kufanya kazi Maseno, magharibi mwa Kenya, kwa kushirikiana na Roger Stern, mtakwimu mkongwe wa hali ya hewa wa Reading, walianzisha mpango wa kutengeneza R-Instat. Ndani yake ni R kamili, lakini mtumiaji anabofya menyu badala ya kuandika msimbo, na ina sehemu maalumu ya hali ya hewa. Kila anachobofya, programu humwandikia amri ya R iliyotumika. Anayeanza kwa kubofya anaweza, polepole, kuanza kusoma.

Data je? Mamlaka ya Hali ya Hewa ina vituo vyake, ila haviko kila kata. Pengo hilo huzibwa kwa kiasi na CHIRPS, makadirio yanayounganisha picha za setilaiti na vipimo vya ardhini, yanayotolewa bure na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, yakirudi nyuma hadi mvua ya mwaka 1981, kwa vipande vya takriban kilomita 5. Dongobesh ina kipande chake humo. Ni makadirio, na hulainisha mvua kali ya mahali padogo, kwa hiyo hayamfuti kazi mtu mwenye kipimamvua uani. Yakiwekwa pamoja na kipimamvua cha shule, ndipo utamu unapoanza: wanafunzi wanaweza kupima setilaiti inakosea kwa kiasi gani juu ya paa la darasa lao.

Ramani nazo zina programu yao, QGIS, aliyoianzisha Gary Sherman mwaka 2002. Baada ya maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 kutoka mlima Hanang, yaliyoua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani, sidhani kama kuna haja ya kueleza kwa nini afisa mipango wa Hanang au Mbulu anapaswa kujua kuchora miteremko na mikondo ya maji ya eneo lake. Data za mwinuko zinapatikana bure.

Kwa hiyo kikwazo kiko wapi? Vifaa ni kikwazo, lakini si kikubwa kama inavyosemwa. R yenyewe kwa Windows ni chini ya megabaiti 100, hubebeka kwenye flashi, na ikishawekwa haihitaji bando. Kikwazo cha pili ni mazoea. Vyuo vyetu vingi vimewazoesha wanafunzi programu ya kulipia ya SPSS, na kwa kuwa leseni ni ghali, nakala za kuvunjwa ufunguo hupita mkono kwa mkono pamoja na virusi vyake. Mhitimu anafika halmashauri akijua programu ambayo mwajiri hawezi kuinunua kihalali. Kwa huyo zipo PSPP na jamovi, zenye sura aliyoizoea, na zote ni huria. Lugha ni kikwazo cha kweli: ujumbe wa makosa huja kwa Kiingereza kigumu, na vitabu vya Kiswahili vya somo hili ni vichache mno. Walimu wa vyuo vyetu wana deni hapo.

Wengine huogopa sheria. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliwatia watu hofu ya kuadhibiwa kwa kutoa takwimu zinazopingana na zile rasmi. Marekebisho ya 2019 yalilegeza hilo na kutambua haki ya mtu kukusanya na kusambaza takwimu. Linalobaki kuheshimiwa kwa ukali ni siri za watu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda jina na ugonjwa wa kila aliyeandikwa kitabuni, na hakuna grafu inayohitaji jina la mgonjwa.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni kwamba programu zimefunguliwa na data zetu bado zimefungwa. Taarifa za halmashauri hutoka kama PDF iliyoskaniwa, pengine imepinda, yenye muhuri juu ya namba. Jedwali la namna hiyo hakuna programu duniani inayolisoma bila mtu kukaa na kunakili.

Ombi langu kwa wakurugenzi wa halmashauri za Mbulu na Hanang ni hili: kila jedwali mnalotoa kama PDF, litoeni pia kama faili la CSV. Wekeni jumla za kila kituo cha afya kwa kila mwezi, mahudhurio ya kila shule, na mavuno ya kila kata, bila majina ya watu, na kwa mpangilio uleule kila mwaka. Lahajedwali mliyonayo ofisini hulihifadhi faili hilo kwa kubofya mara mbili tatu.

Na kwa mwalimu wa hisabati wa sekondari yoyote ya Dongobesh mwenye kompyuta moja: usingoje mkurugenzi. Simika kipimamvua uwanjani, wapange wanafunzi wakisome saa 3 kila asubuhi, sikukuu na likizo zikiwamo, na siku isiyo na mvua waandike 0 badala ya kuacha wazi. Safu mbili, tarehe na milimita, zinatosha kwa R kuchora grafu ya kwanza.